Mfupa si kalsiamu tu, na supu ya makongoro haiungi kitu

Wiki haipiti bila swali hili. Kijana kavunjika, amefungwa hogo, mama anauliza amwongezee vidonge vingapi juu ya supu ya makongoro, "maana mfupa si ni kalsiamu, dokta?" Hapana, mama.

Loweka mfupa wa paja la kuku kwenye siki siku kadhaa, ukibadilisha siki. Madini yanayeyuka, umbo linabaki lilelile, ila sasa mfupa unakunjika. Kilichobaki ni kolajeni, yaani nyuzi za protini. Mwingine uchome hadi uwe mweupe: kolajeni imeungua, kalsiamu ipo, na ukiubana unasagika vidoleni. Huo ndio mfupa wa kalsiamu tupu mnaonidai kila siku.

Gamba gumu nje, sponji ndani, uboho, utando wa juu: hayo mlisoma sekondari.

Kinachoniudhi ni mfupa kuchukuliwa kama jiwe. Damu hupita ndani yake, kwenye vijifereji ambavyo Mwingereza Clopton Havers alivieleza mwaka 1691. Zipo seli zinazokula mfupa mzee na nyingine zinazofuata nyuma kujaza mpya; kwa mtu mzima karibu asilimia 10 ya mifupa hubadilishwa kila mwaka. Kazi hiyo inahitaji damu, ndiyo maana skafoidi, kimfupa cha kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hunisumbua kuliko paja zima. Damu yake nyingi huingia upande wa vidole na kurudi nyuma, hivyo kikikatika katikati, kipande cha upande wa kigasha hubaki na njaa. Kalsiamu ya mgonjwa iko sawa kabisa. Halafu huyohuyo anamaliza bakuli la supu na kutoka nje kuvuta sigara, inayobana mishipa ya damu!

Mfupa husikia uzito pia. Wanaanga waliokaa miezi angani wamepoteza asilimia 1 au zaidi ya madini ya nyonga kwa mwezi, wala si kwa kukosa chakula. Unasikiaje? Maelezo yanayopendwa ni kwamba mfupa ukipinda kidogo, majimaji husogea kwenye vijitundu na kuzishtua seli. Nafundisha hivyo, ila kuapa siwezi. Na ninapomwambia mgonjwa aanze kukanyagia "kidogo", kilo ngapi hizo? Mara nyingi nakadiria kwa kumtazama usoni.

Supu kunyweni, ina protini na aliyevunjika lazima ale. Lakini kolajeni ya kongoro ikifika tumboni humeng'enywa kama protini nyingine yoyote. Haina ramani ya kuifikisha kwenye muundi. Bibi mwenye mifupa myepesi, au aliyepimwa akakutwa hana vitamini D ya kutosha, ana maelezo yake mengine. Kijana mzima anayekula dagaa, hela ya vidonge mnunulieni magongo yanayomtosha urefu.