Buti jepesi: wepesi wake ni upi, na hupotelea wapi

Buti jepesi, kwa lugha ya wanaouza na wanaovaa, ni buti la porini ambalo kiatu kimoja cha saizi 42 hakizidi gramu 600 hivi. Buti la kizamani la ngozi nene na soli ya kushonwa hufika gramu 800 mpaka kilo nzima kwa mguu mmoja, na gambuti za shambani hukaribia kilo 2 kwa jozi. Kabla ya kulinganisha, hakikisha namba iliyotajwa ni ya nini. Viwanda vingine huandika uzito wa kiatu kimoja, vingine wa jozi, na buti lililoandikwa gramu 1,100 laweza kuwa jepesi sana au zito kupindukia kutegemea hilo tu. Liweke kwenye mizani ya duka, ile ya kupimia sukari na mchele, ujionee.

Mabuti ya namna hii hutengenezwa hasa kwa mwindaji anayemfuata mnyama kwa miguu. Huyo hutembea mbali, hunyata, huvuka maji, hupanda na kuteremka, yote kwa siku moja. Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo Malindi buti la uwindaji humpata mvaaji mwingine: askari wa doria anayeng'oa mitego ya nyaya ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mwongozaji wa watazama ndege, mtafiti, kijana anayepanda mikoko kwenye hori ya Mida. Kazi ya mguu haikubadilika. Ni kwenda mbali, kimya, juu ya ardhi inayogeuka kila baada ya saa.

Uzito wa mguuni si ndugu na uzito wa mgongoni. Mzigo wa mgongoni husafiri nawe; mzigo wa mguuni unauinua, unausukuma mbele, unausimamisha, kisha unaanza upya. Waliopima mwendo wa binadamu wameona kwamba ukiongeza gramu 100 kwenye kila kiatu, nguvu anayotumia mtu hupanda kwa karibu asilimia 1, na kilo moja ya mguuni huchosha kama kilo 4 hadi 6 za mgongoni. Chukua mwendo wa kilomita 10: ni hatua kama 13,000, yaani kila mguu huinuka mara 6,500. Buti lililozidi kwa gramu 200 limekufanya uinue kilo 1,300 za ziada kwa mguu huo mmoja. Uchovu huo hujulikana saa nane mchana, mguu unapoanza kukwaa mizizi ambayo asubuhi ulikuwa unairuka.

Ndiyo maana wepesi unatafutwa. Ila kila gramu iliyopungua ilikuwa sehemu ya kitu fulani, na mnunuzi inampasa aulize ni kitu gani, na kama anakokwenda atakihitaji. Lipo na swali la pili, ambalo pwani ni kubwa kuliko la kwanza: likishaingia maji, buti hilo bado ni jepesi?

Gramu zilitolewa wapi

Sehemu ya juu ndiyo huanza kupunguzwa. Ngozi nzima huondolewa, huwekwa nailoni iliyosokotwa kwa nguvu pamoja na vipande vya ngozi laini puani na kisiginoni. Hapo hakuna hasara kubwa, maana nailoni hukauka upesi kuliko ngozi. Hatari ni pale nailoni inapokuwa wavu mwembamba kama wa raba za kukimbilia. Wavu huo hupitisha mwiba wa mgunga, na hupitisha mchanga mwembamba wa Sokoke ambao ukishakaa chini ya unyayo hufanya kazi ya msasa.

Ndani ya soli ya buti zito mna bamba la chuma au plastiki ngumu linalozuia soli isijikunje katikati. Buti jepesi huwa na bamba jembamba la plastiki, au halina kabisa. Anayenyata hulipenda lisilo na bamba, kwa sababu unyayo husikia kijiti kabla hakijavunjika. Anayepita juu ya miamba ya matumbawe atalilaani, kwa sababu kila ncha ya jiwe itamfikia. Ujaribu hivi: shika pua na kisigino, kunja. Buti zuri hukunjika pale vidole vinapoanzia, basi. Likikunjika katikati kama mkate, liache. Kisha lisokote kama unayekamua nguo. Lipinde kidogo tu, lisizunguke.

Sponji ya kati, kati ya mguu na mpira wa chini, ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, hasa kwa anayenunua mitumba. Ziko za aina mbili. Sponji ya EVA ni nyepesi mno, hainywi maji, lakini hulala: baada ya miezi ya kutembea kila siku huwa bapa, na joto kali la gari lililofungwa vioo huiharakisha. Sponji ya poliurethani ni nzito kidogo na hudumu kwa kukanyagwa, ila ina ugonjwa wake. Unyevu na joto huivunja kikemikali, hata buti likiwa halijavaliwa, limekaa kabatini miaka kadhaa. Hewa ya Malindi ndiyo hiyo hasa inayoiua. Buti huonekana jipya, ngozi inang'aa, soli ina meno yote, na kwenye kilomita ya pili soli nzima inabanduka na ndani yake mnamwagika kitu kama makombo ya keki. Kwa hiyo ukiwa sokoni, usihangaike na ngozi kwanza. Tafuta ule ukanda wa sponji ubavuni, ubonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ukirudi wenyewe, sawa. Ukiacha shimo, ukiwa na mipasuko midogo kama ya udongo mkavu, au ukinata kama gundi, lirudishe hata kama bei ni ya kutupa. Fundi hawezi kuiokoa sponji iliyooza. Atakachoweza ni kuitoa yote na kuweka nyingine.

Mwisho ni namna soli ilivyoshikwa. Buti jepesi karibu kila mara hugandishwa kwa gundi, halishonwi. Gundi na joto havipatani, na mahali pa kwanza pa kuachia ni puani, pale buti linapojikunja. Mpelekee fundi wa viatu likiwa bado jipya, alipige uzi wa nailoni kuzunguka ubavu wa soli, ikiwa ukingo una unene wa kupitisha sindano. Huongeza gramu chache sana, na ni gramu za kulipia.

Ardhi tatu kwa siku moja

Arabuko-Sokoke ina kilomita za mraba kama 420, na mtu akiikata kutoka upande wa bahari kwenda bara hupita kwenye ardhi tofauti. Upande wa mashariki ni msitu mchanganyiko wenye mibambakofi, majani makavu yamelala chini. Kisha huja miti ya mirihi juu ya mchanga mweupe, tifutifu, mguu unazama. Mbele yake ni udongo mwekundu wenye vichaka vya Cynometra vilivyoshonana. Kwenye mchanga mweupe soli pana yenye meno mafupi hupita juu. Meno marefu huchimba na kukurudisha nyuma. Kwenye udongo mwekundu wakati wa masika mambo hugeuka. Meno yaliyobanana hujaa tope kwa hatua kumi tu, na buti la gramu 500 huwa limebeba nusu kilo ya udongo. Meno yanayofaa yana urefu wa milimita 4 hivi na nafasi pana kati yake, yenye mteremko unaoachia tope. Jeshi la Marekani lilifika kwenye umbo hilohilo kwa ajili ya misitu ya joto, na soli hiyo bado inaitwa Panama. Mpira wenyewe usiwe mgumu kama tairi. Ukucha ukiacha alama hafifu, utashika jiwe lililolowa.

Kuhusu urefu wa shingo, buti la inchi 6 linatosha kwa wengi. La inchi 8 linamfaa anayetoka njiani na kuingia kwenye majani, na sababu yake ni kifutu. Nyoka huyu halali mbali na njia, hakimbii anapofikiwa, na rangi yake ni ya majani makavu yenyewe. Kuumwa na nyoka kwingi hutokea unyayoni na kwenye kifundo. Kitambaa chembamba si kinga, ngozi hupunguza hatari bila kuimaliza, na macho yanayotangulia mguu yanazidi vyote viwili. Shingo ndefu haizuii mguu kuteguka kama watu wanavyodhani. Kinachozuia ni kisigino kilichoshikwa sawasawa na soli isiyo na kimo. Bana kisigino cha buti kwa vidole viwili: kisibonyee kwa urahisi.

Mida ni kesi nyingine. Maji yakipwa, utapita kwenye matumbawe yenye makali, kisha tope la mikoko linalovuta, kisha mizizi ya mchu iliyosimama kama penseli, na chaza wameganda kwenye mikoko wakingoja ngozi ya mtu. Hapa gambuti hushindwa, maana tope huivua mguuni na maji yakiingia juu hayatoki. Kinachotakiwa ni mpira unaozunguka pua ya buti kwa sentimita 2 au 3, kamba zinazofungwa mpaka juu, na vitundu vya kutolea maji upande wa ndani wa unyayo.

Marafa, kwenye korongo la Nyari, hakuna maji ila baada ya mvua. Tatizo ni changarawe legelege iliyotandazwa juu ya udongo mgumu, na mteremko. Hapo kidole hugonga pua ya buti, na saizi ndiyo huamua kama ukucha utabaki.

Buti linalokunywa

Wauzaji husifu utando usiopitisha maji. Utando huo una matundu madogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho hupita. Lakini mvuke hupita tu ikiwa ndani pana unyevu na joto kuliko nje. Ulaya kwenye baridi, ndani ya buti ni joto na nje ni kukavu, jambo linafanya kazi. Malindi mwezi wa Machi nje pameshiba unyevu, mvuke haupati pa kwenda, na soksi hulowa kwa jasho bila tone la mvua. Likiingiwa na maji kwa juu, huyahifadhi kama mtungi, na kukauka huchukua siku mbili. Kwa pwani yetu, buti lisilo na utando ndilo buti. Mguu utalowa, utakauka, utalowa tena.

Lipime hivi. Weka kiatu kimoja kwenye mizani kikiwa kikavu, andika. Kizamishe kwenye ndoo dakika 5, kiinamishe kitiririke dakika 2, pima tena. Kiache kivulini saa moja, pima mara ya tatu. Likiongezeka chini ya gramu 100 na baada ya saa limeshapunguza nusu ya hayo, ni jepesi kweli. Likiongezeka gramu 250, lile la gramu 480 ulilonunua kwa fahari limekuwa la gramu 730 na litakaa hivyo mpaka jioni. Mkosaji huwa ni sponji nene ya shingoni na ulimini, pamoja na soli ya ndani ya kitambaa. Soli hiyo hutoka. Weka nyingine yenye matundu isiyokunywa, na tofauti utaiona kwenye mizani.

Jaribu buti alasiri, mguu ukiwa umevimba kwa joto, na soksi utakazotembea nazo. Soksi za pamba tupu hushika maji na kulea malengelenge. Sufu nyembamba au mchanganyiko wa nailoni hufaa zaidi. Kabla ya kufunga kamba, sukuma vidole mbele: nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono. Ukishafunga, simama kwenye ngazi uangalie chini na upige pua kwenye kidato mara tatu. Vidole vikigonga mbele, ongeza nusu saizi. Kisigino kikipanda, tumia matundu mawili ya juu: pitisha kamba kwenye tundu la upande uleule ufanye kitanzi, kisha kila kamba ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, funga.

Chumvi ndiyo humaliza kazi ambayo tope halikuweza. Ikikauka ndani ya ngozi hunyonya mafuta yake mpaka ngozi inapasuka, na matundu ya kamba ya chuma hushika kutu na kukata kamba. Siku hiyohiyo ya Mida, suuza kwa maji baridi nje na ndani, toa soli ya ndani, jaza magazeti, ubadilishe magazeti baada ya saa mbili. Kausha kivulini penye upepo. Jua la saa sita na moto wa jiko hulegeza gundi, na soli ikianza kuachia puani itaendelea. Ngozi ikishakauka ipake mafuta kidogo ya nta kwenye mikunjo tu. Ukiipaka yote unaziba njia za hewa na kurudisha gramu ulizolipia zitolewe.