Umenyimwa viza ya Australia? Kwanza uliza kama Baraza lina mamlaka ya kukusikiliza

Watu wakinyimwa viza ya Australia wanatujia na bahasha nene, picha za harusi, stetimenti za benki, barua ya mchungaji, sisi tunaziweka pembeni kwanza tunauliza kitu kimoja tu, barua pepe ya kukataliwa ilitumwa lini? Maana Administrative Review Tribunal, hili Baraza linalopitia upya maamuzi ya serikali, lililochukua nafasi ya AAT (baraza la zamani la kazi hiyohiyo) tarehe 14 Oktoba 2024, haligusi kesi yako mpaka lijiridhishe kwamba lina mamlaka ya kuisikiliza. Likikosa mamlaka ndo basi tena, hizo picha hakuna atakayezitazama.

Siku ndo zinaumiza wengi. Unapewa 28 za kupeleka ombi Barazani tangu ujulishwe, aliye kizuizini cha uhamiaji anapewa 7. Na kujulishwa sio siku uliyoisoma, kisheria barua pepe inahesabika imekufikia mwisho wa siku ileile iliyotumwa, hata kama imelala kwenye spamu au wakala wako kaipata akasahau kukwambia. Imetumwa tarehe 3 Machi? Mwisho wako ni 31 Machi. Aprili mosi ushachelewa, na usigombane na ofisa wa Baraza, sheria ya uhamiaji haijampa uwezo wa kukuongezea hata siku moja, uwe ulilazwa au ulifiwa. Mi naona ni ukali uliopitiliza, ila ndo ilivyo.

Halafu kuna suala la nani anaomba. Chukulia mama yuko Bukavu, kaomba viza ya kumtembelea mwanae Melbourne, akanyimwa. Mama mwenyewe hawezi kwenda Barazani, anayeomba ni yule mwanae, tena awe raia au mkaazi wa kudumu na awe alitajwa kwenye fomu ya mama kuwa ndo anayetembelewa. Kama aliyetajwa ni binamu, hamna kitu, sheria inawajua mzazi, mwenza, mtoto na ndugu wa kuzaliwa, yani kaka au dada, sasa ule undugu wetu wa mpaka shangazi wa jirani haumo kabisa. Na kama uliombea viza ndani ya Australia ikakataliwa, basi unapopeleka ombi la mapitio uwe bado upo ndani ya nchi, usipande ndege kwanza.

Ada ya ombi la mapitio inazidi dola 3,000 za Australia, ukionyesha hali ngumu unaweza kupunguziwa nusu. Wanaoomba ulinzi, yani wakimbizi, hawalipi mwanzoni.

Uamuzi aliotoa waziri mwenyewe kwa mkono wake mara nyingi Baraza haliugusi. Ile barua ya kukataliwa inaandika kama uamuzi unapitiwa, nani aombe na ndani ya muda gani, isome mpaka ukurasa wa mwisho au mpe mtu akutafsirie siku hiyohiyo.

Baraza likisema halina mamlaka unaweza kwenda mahakama ya shirikisho ndani ya siku 35, ila jaji naye anaangalia makosa ya kisheria tu, na kama ulichelewa kweli atahesabu zile siku 28 kama walivyohesabu wao.