Kwa nini wakaguzi wa chakula Kanada wanafuatilia kuni?

Ukienda kupiga kambi Kanada majira ya joto, utakutana na mabango yanayokukataza kuhamisha kuni: nunua hapohapo, choma hapohapo. Nyuma ya katazo hilo yupo CFIA, Wakala wa Ukaguzi wa Chakula, haohao wanaokagua nyama na mayai. Chakula na kuni wapi na wapi?

Wakala huo ulipoanza kazi mwaka 1997 ulikabidhiwa ukaguzi uliokuwa umetawanyika katika wizara tofauti, afya ya mifugo na ya mimea ikiwemo. Na kuni, hata zikikauka, ni mti.

Anayewindwa ni mbawakawa wa kijani kinachong'aa, kwa Kiingereza emerald ash borer, mrefu sentimita moja hivi, mzuri ajabu ukimtazama. Asili yake Asia ya Mashariki. Mwaka 2002 aligunduliwa Detroit, Marekani, na ng'ambo ya mto, Windsor, Kanada. Inaaminika aliingia na mbao za kufungashia mizigo. Hushambulia miti ya jamii ya Fraxinus, ile inayochongwa magongo ya besiboli na kupandwa sana kandokando ya mitaa.

Mbawakawa mwenyewe hutafuna majani tu, hana neno. Shida ni buu wake. Bandua gamba la mti ulioshambuliwa uone: vijia vimepindapinda kama herufi S, vimejaa ungaunga. Humo ndimo maji na chakula cha mti vilipokuwa vikipita. Buu akishageuka mbawakawa hutoboa tundu la milimita 4 hivi, lenye umbo la herufi D, akaruka zake. Ukiliona tundu hilo, ujue umechelewa.

Kwa mabawa yake hafiki mbali. Kwenye buti ya gari, chini ya gamba la kuni, anasafirishwa mamia ya kilomita kwa siku moja. Kwa hiyo CFIA hutenga maeneo yaliyoathirika, na kutoa humo kuni za mti wowote kunahitaji kibali. Kwa nini mti wowote? Kuni zikishapasuliwa, nani atazitofautisha?

Hata hivyo mdudu alifika Halifax, pwani ya mashariki ya Kanada, mwaka 2018, na Vancouver, pwani ya pili kabisa, mwaka 2024.

Siku ukipita bandarini Mombasa au Dar es Salaam, chungulia paleti za mbao. Ule mhuri wa HT maana yake mbao zilipashwa joto hadi kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, buu asiingie nchini bila tiketi.