Maharage, dadu na selimundu: kompyuta ndani ya kipindi cha biolojia

Shule nyingi zikipata kompyuta huzifungia kwenye chumba cha TEHAMA, na mwalimu wa biolojia anabaki na chaki yake. Akibahatika kupata projekta, ataonyesha video ya seli ikigawanyika. Mimi kazi yangu ni kuwafundisha walimu wa sayansi, na ninalowasisitizia ni hili: kompyuta imeingia kwenye sayansi siku ile mwanafunzi anapoandika mwenyewe kanuni ya namna kitu kinavyobadilika, akairudia mara nyingi, kisha akalinganisha alichopata na kilichopimwa kwa watu au vitu halisi. Video haimfikishi hapo. Kujua kupanga maandishi kwenye Word nako hakumfikishi.

Jambo hili ndilo linaloitwa fikra za kikompyuta. Mwanahisabati Seymour Papert alilitaja mwaka 1980, mwanasayansi wa kompyuta Jeannette Wing akalivumisha kwa makala yake ya mwaka 2006, na viwango vya sayansi vya Marekani vya mwaka 2013 vikaliweka miongoni mwa stadi nane ambazo mwanafunzi wa sayansi anatakiwa azifanye kwa vitendo. Historia hiyo inatosha. Nataka kuonyesha somo lenyewe.

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na wakati huo akisoma Oxford, alikusanya sampuli za damu sehemu mbalimbali za Kenya. Katika jamii za Pwani na za kando ya Ziwa Victoria alikuta zaidi ya watu 20 katika kila 100 wamebeba jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kwa watu wa nyanda za juu hakufika hata mmoja katika 100. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake: aliyerithi nakala moja ya jeni hiyo ana kinga fulani dhidi ya malaria.

Kitabu cha kiada hulimaliza jambo hili kwa sentensi mbili, mwanafunzi wa Kidato cha Nne anazikariri, na mtihani unapita. Lakini muulize: kwa nini 20 na ushee, isiwe 60? Na kama wenye nakala mbili, yaani wagonjwa wenyewe, walikuwa wakifariki wadogo, kwa nini jeni haikuisha zamani? Sentensi mbili za kitabu hazina jibu la maswali hayo. Bakuli la maharage linalo.

Kila kundi lina bakuli lenye maharage mekundu 90 na meupe 10. Jekundu ni jeni ya kawaida, jeupe ni jeni ya selimundu. Mwanafunzi anachomoa mawili bila kutazama: huyo ni mtoto mmoja. Jekundu na jeupe, mtoto anabaki. Meupe mawili, anatolewa kwenye hesabu. Mekundu mawili, inarushwa dadu. Ikitoka moja, malaria imemchukua. Wakishamaliza maharage yote, wanahesabu meupe ni sehemu gani ya maharage ya waliobaki, wanajaza bakuli upya maharage 100 kwa uwiano huo, na kizazi cha pili kinaanza.

Hapa mwalimu asimame kidogo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo yumkini darasani yupo anayeugua, au aliyemzika ndugu. Mimi hutamka wazi kwamba kanuni hii ni ya zama za kabla ya matibabu. Leo kuna chanjo, kuna dawa za kuzuia maambukizi, kuna haidroksiurea, dawa inayopunguza makali ya ugonjwa, na wenye selimundu wanakua, wanasoma, wanazaa. Naahidi kwamba tutarudi kuibadilisha kanuni, na ahadi hiyo lazima itimizwe.

Turudi kwenye bakuli. Hesabu inasema meupe wanapaswa kupanda kutoka 10 hadi 10.5 tu katika 100. Makundi hayapati hivyo. Hili linapata 7, lile 14, na kila kundi linadhani limekosea. Hakuna aliyekosea. Kizazi kimoja cha watoto 50 ni kidogo mno; bahati inafunika mwelekeo. Wakijumlisha matokeo ya makundi yote, namba zinaanza kutulia. Na hapo, bila kuambiwa, wanaanza kudai mashine: nani atarusha dadu kwa vizazi mia? Ukianza na kompyuta, dai hilo halizaliwi, na mwanafunzi anabofya tu bila kujua kinachotendeka ndani. Ndiyo maana sikubali kuruka maharage hata pale shule ina kompyuta za kutosha.

Baada ya hapo inatosha laptopu moja ya mwalimu na ukuta mweupe. Fungua lahajedwali, kama Excel. Seli E1, yaani kisanduku cha safu E mstari wa 1, andika =1/6, yaani hatari ya malaria kwa asiye na jeni ya selimundu. Safu A ni vizazi. B2 andika 0.01, uwiano wa kuanzia. Kisha B3:

=B2*(1-B2)/(1-$E$1*(1-B2)^2-B2^2)

Usiwape fomula hii ikiwa imeiva. Waulize kila kipande kimetoka wapi kwenye bakuli. Juu ya mstari wa kugawanya ni nusu ya jeni za wabebaji, yaani meupe waliosalia. Chini ni wote, ukitoa waliochukuliwa na dadu, ukitoa wenye meupe mawili. Mwanafunzi aliyechomoa maharage kwa mkono wake huiona haraka kuliko yule aliyefundishwa aljebra kwanza.

Buruta fomula chini. Kutoka 0.01 inakwenda 0.0118, kizazi cha kumi inakaribia 0.045, na kufikia cha hamsini imetulia kwenye 0.143. Anza na 0.4, bado itashuka hadi 0.143. Namba hiyo ni 1/7. Wabebaji wanaozaliwa ni mara mbili ya 1/7 mara 6/7, yaani 12/49, watu 24 na nusu hivi katika 100. Rudi kwa Allison: zaidi ya 20. Darasa limefika jirani na vipimo vyake kwa dadu moja na fomula moja.

Sasa badilisha E1 iwe sifuri. Malaria imeondoka. Anza na 1/7 na uiambie lahajedwali ionyeshe sehemu badala ya desimali. Inatoka 1/8. Kisha 1/9. Kisha 1/10. Hii naipenda kuliko yote, kwa sababu wanafunzi huibashiri 1/11 kabla hawajaburuta, na aliye hodari wa hisabati anaweza kuithibitisha ubaoni palepale. Halafu wapige hesabu: ili jeni ifike 1/100 vinahitajika vizazi 93, na kwa miaka 25 kila kizazi hiyo ni zaidi ya miaka 2,300. Malaria ikiisha kesho, selimundu itabaki nasi muda mrefu sana. Na ile ahadi ya matibabu ni kuongeza seli ya pili, F1, inayozidisha B2^2 na kusema ni sehemu gani ya wenye nakala mbili wanaofariki. Juu ya mstari nako pabadilike, kwa kuwa wanaopona sasa wanarithisha. Waachie wao watafute jinsi gani.

Kuandika programu kuna nafasi yake, lakini ni kwa kazi moja ambayo fomula haiiwezi: bahati. Fomula inatoa jibu lilelile kila mara. Programu fupi ya lugha ya Python inayochomoa jeni kwa nasibu, ikirudiwa mara elfu, itaonyesha kwamba katika kijiji kidogo jeni inaweza kupotea kabisa ingawa malaria ipo. Shule isiyo na mwalimu wa programu iache kipengele hiki.

Kisichoachwa ni kuutilia shaka mfano wenyewe, yaani kanuni zetu za bakuli na lahajedwali. Mimi hutumia Marekani. Mfano unasema Waafrika waliotolewa kwenye malaria na kupelekwa huko wakiwa na 1/7, baada ya vizazi 16, yaani miaka 400 hivi, watakuwa na 1/23, na mbebaji mmoja katika kila watoto 12. Takwimu za afya za huko zinasema ni mmoja katika kila watoto 13 weusi. Darasa hushangilia. Hapo ndipo nawauliza: je, wote walifika mwaka mmoja? Je, huko hakukuwa na malaria? Ilikuwepo majimbo ya kusini hadi karne ya 20. Je, wote waliondoka Afrika wakiwa na 1/7? Na waliochanganya damu na Wazungu? Kila swali ni kanuni mpya inayoweza kuongezwa kwenye lahajedwali, na mwenye swali ndiye anayepewa kibodi.