Kusadikika na Shamba la Wanyama: madaraka na uhuru visivyofanana

Wasomaji wengi huitia Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, kapu moja na Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell ya mwaka 1945 ambayo Fortunatus Kawegere aliitafsiri kwa Kiswahili, wakidai kwamba zote mbili zinafundisha kuwa mtawala akiangushwa, uhuru umepatikana. Dai hilo halisimami katika riwaya yoyote kati ya hizo.

Karama, mhusika mkuu wa Kusadikika, nchi ya kubuni iliyoipa riwaya jina lake, hakitaki kiti cha mfalme. Waziri Majivuno anamshtaki kwa kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, ambao walirudi na mambo ya manufaa wakaishia gerezani. Uhuru anaoupigania ni haki ya mtu kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Hivyo ubaya wa madaraka ya Kusadikika ni baraza lenye adhabu lakini halina masikio, wala si kuwapo kwa mfalme.

Kwa Orwell mambo ni kinyume. Bwana Jones, mwenye shamba, anafukuzwa na wanyama wake mapema, katika sura ya pili, na sura zinazofuata ni habari za uhuru unaomegwa kidogo kidogo. Wapo wanaohitimisha kwamba mwandishi alidharau kila mapinduzi, ilhali mwaka 1946 alieleza waziwazi kwamba tangu 1936 alikuwa akiandika dhidi ya udikteta na kwa ajili ya ujamaa wa kidemokrasia. Mahali mambo yalipogeukia alipataja mwenyewe: pale nguruwe, walioshika uongozi baada ya Jones, walipojitwalia maziwa na matufaha, na wenzao wakanyamaza.

Zinapokutana kweli ni kwenye sheria, jambo ambalo husahaulika. Shambani amri saba zimeandikwa ukutani, lakini farasi Clover hawezi kuzisoma vizuri, humwomba mbuzi amsomee, na kila akisomewa hukuta maneno yameongezwa. Asiyejua sheria hutawaliwa na anayeiandika upya usiku, na hicho hasa ndicho Karama alichotaka kukizuia kwa somo lake.

Wengine huigeuza Kusadikika kuwa fumbo lenye jibu moja, yaani Tanganyika chini ya Waingereza. Mazingira hayo yamo, kwani Shaaban Robert mwenyewe aliajiriwa na serikali hiyo. Hata hivyo, mshtaki anaitwa Majivuno na mjumbe mmoja anaitwa Buruhani, yaani hoja au ushahidi. Majina kama hayo hayafi bendera inaposhushwa.

Ninaloona ni udhaifu wa Kusadikika ni mwisho wake: wajumbe wanafunguliwa kwa amri ya mfalme yuleyule, na riwaya haituambii nani angewafungua kama angekataa.