Samaki wa Mawe wa Kemmerer: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kumtambua

Karibu na mji wa Kemmerer, kusini-magharibi mwa jimbo la Wyoming nchini Marekani, kuna machimbo ya mawe ya chokaa ambamo wageni hulipa ada, hupewa nyundo na patasi, kisha hupasua mabamba ya mawe wakitafuta visukuku vya samaki, yaani mabaki ya samaki wa kale yaliyohifadhika ndani ya mwamba. Wengi huondoka na samaki aliyekamilika, mifupa yake ikiwa mahali pake, lakini wakiwa wamempa jina lisilo lake. Jambo hilo linasikitisha, kwa sababu samaki hawa wamehifadhika vizuri kiasi kwamba aghalabu mwili wenyewe unatosha kujibu swali.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba samaki anayepatikana mlimani, mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, lazima aliletwa na bahari. Ukweli ni kwamba mawe haya yalijengeka kwenye sakafu ya ziwa la maji baridi, ambalo wanajiolojia huliita Fossil Lake, takriban miaka milioni 52 iliyopita. Umri huo umepimwa kwa kutumia majivu ya volkeno yaliyotua katikati ya matabaka ya chokaa. Hata Heliobatis, samaki bapa wa aina ya taa anayechimbuliwa humo, aliishi ziwani. Kwa hiyo anayeanza kwa kupekua picha za samaki wa baharini amekwisha kupotea njia.

Dhana ya pili ndiyo inayozaa makosa mengi zaidi: kwamba samaki wadogo ni watoto wa wale wakubwa, hivyo urefu watosha kuwatenganisha. Samaki wa kawaida kabisa katika machimbo haya ni Knightia, wa jamii ya saradini, ambaye mwaka 1987 alifanywa kisukuku rasmi cha jimbo la Wyoming. Kwa kawaida ni mdogo, na hata aliyekomaa hazidi sentimita 25 au karibu na hapo. Samaki mwingine wa humo, Diplomystus, huweza kupita sentimita 60, lakini naye alianza maisha akiwa mdogo, na Diplomystus mchanga hufanana na Knightia kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka. Wote wawili wana safu ya magamba magumu tumboni, kwa hiyo alama hiyo haiamui chochote. Kinachoamua ni pezi la chini lililo nyuma ya tundu la haja: kwa Knightia ni fupi, ilhali kwa Diplomystus ni refu, likienea sehemu kubwa ya njia kuelekea mkiani. Mdomo nao husaidia, kwani wa Diplomystus umeelekea juu kama wa samaki anayekula karibu na uso wa maji. Ushauri wangu ni kwamba mtu aanze na mapezi, yalipo na urefu wake, kabla hajashika rula.

Kufanana kwa umbo nako hakuthibitishi undugu. Mkazi wa Mwanza akionyeshwa Priscacara, samaki mwingine wa machimbo haya mwenye mwili mpana na miiba imara mgongoni, atamwona kama sato. Hata hivyo Priscacara huwekwa upande wa samaki wanaofanana na sangara, si katika familia ya sato. Ndugu wa kweli wa sato wa enzi hizo wamepatikana Tanzania kwenyewe, huko Mahenge mkoani Singida, katika tope la ziwa dogo la kreta (shimo la volkeno), tope lililogeuka jiwe na lenye umri wa takriban miaka milioni 46; wanaitwa Mahengechromis.

Wapo wanaodhani kwamba rangi ya kahawia au nyeusi ya kisukuku ndiyo rangi aliyokuwa nayo samaki akiwa hai. Sivyo: rangi hiyo ni ya mifupa iliyobadilika ndani ya mwamba, nayo hutofautiana kulingana na tabaka alimolala. Rangi iliyokolea sawasawa mwili mzima inapaswa hata kutiliwa shaka, kwa kuwa baadhi ya vielelezo vya kuuzwa hupakwa rangi au huunganishwa kutoka vipande vya samaki tofauti. Na michoro myeusi inayotawanyika kama matawi pembeni mwa samaki si majani ya ziwani, bali ni madini ya manganizi yaliyopenya kwenye nyufa.

Kosa jingine hufanyika wakati wa kupasua. Jiwe likigawanyika katikati ya samaki, mtu huchukua upande unaopendeza na kutupa wa pili, akidhani ni alama tupu. Kumbe mifupa mara nyingi hubaki pande zote mbili, na pezi linalohitajika kwa utambuzi huenda liko upande uliotupwa.

Hatimaye, si kweli kwamba anayeokota ndiye mwenye mali popote alipo. Katika machimbo ya watu binafsi hutawala masharti ya mwenye machimbo. Katika ardhi ya jimbo, samaki wa kawaida wanaruhusiwa kwa wenye kibali, lakini visukuku adimu ni mali ya jimbo. Katika eneo linalohifadhiwa la Fossil Butte, lililotengwa mwaka 1972, hairuhusiwi kuchukua hata kipande kimoja. Kwa sababu hiyo pia utambuzi sahihi una uzito: asiyejua kutofautisha samaki wa kila siku na yule adimu hawezi kujua ni kipi anachopaswa kukabidhi.