METI: maana ya kutuma ujumbe kwa viumbe wa nyota nyingine

METI ni jina la kitendo kimoja: kurusha ujumbe angani kwa makusudi, kuelekea nyota fulani, kwa matumaini kwamba kuna viumbe wenye akili watakaoupokea. Wengi huichanganya na SETI, yaani utafutaji wa viumbe wenye akili nje ya dunia, ambayo kazi yake ni kusikiliza tu. Mwaka 1960, mwanaastronomia Frank Drake alipoelekeza darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, kwenye nyota za Tau Ceti na Epsilon Eridani, alikuwa akitega sikio. Asikilizaye hajulikani alipo.

Novemba 16, 1974, Drake huyohuyo aliandaa ujumbe uliorushwa kutoka darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico. Ulikuwa na biti (alama za 0 na 1) 1,679, idadi inayopatikana kwa kuzidisha 23 kwa 73 tu, ili mpokeaji agundue kwamba biti hizo zikipangwa kwa safu hutoa picha: nambari, DNA, umbo la binadamu, sayari za Jua letu. Kazi nzima haikufika dakika tatu. Ulielekezwa kwenye kundi la nyota la M13, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 25,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), kwa hiyo jibu lingechukua miaka 50,000. Kwa kweli lengo kubwa lilikuwa kuonyesha uwezo wa mtambo uliokuwa umeboreshwa. Hata hivyo mwanaastronomia Martin Ryle wa Uingereza alipinga vikali ujumbe huo kurushwa.

Baadaye walengwa wakasogezwa karibu. Mwaka 2008 ujumbe ulirushwa kutoka Evpatoria, Crimea, kuelekea nyota ya Gliese 581, umbali wa miaka ya nuru kama 20. Mwaka 2017, kutoka Tromsø, Norwei, ukarushwa mwingine kuelekea nyota ya Luyten, umbali wa miaka ya nuru 12 hivi. Hapo jibu linaweza kufika warushaji wakiwa bado hai, na ndiyo maana mjadala umekuwa mkali.

Watetezi wa METI husema kila mtu akisikiliza bila kusema, hakuna atakayesikika. Hiyo ni hoja nzito. Huongeza kwamba tumekwisha kujitangaza kwa televisheni na rada. Hapo wanatia chumvi: mawimbi ya televisheni hutawanyika na kufifia mno, ingawa rada kubwa za kuchunguza sayari kweli zina nguvu ya kufika mbali. Mwanafizikia Stephen Hawking alionya kwamba wenye nguvu wanapokutana na wanyonge, historia yetu wenyewe inaonyesha nani huumia.

Mimi hofu ya kuvamiwa hainisumbui sana. Umbali ni mkubwa mno. Kinachonisumbua ni idhini. Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 haugusi suala hili. Kanuni zilizokubaliwa na wanasayansi mwaka 1989 zinataka mashauriano ya kimataifa kabla ya kujibu ishara ikigunduliwa, lakini hazina nguvu ya sheria, na zinahusu kujibu, si kuanza kusema. Matokeo yake, mwenye antena ndiye anayezungumza kwa niaba ya binadamu wote, na mawimbi yakishaondoka hayarudishwi. Mwaka 2015 kundi la wanasayansi na wengine lilitoa tamko likitaka mjadala wa dunia nzima kabla ya ujumbe wowote kutumwa. Naungana nao. Kusikiliza kuendelee, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu hakumfungi mtu yeyote kwa jambo ambalo hakuulizwa.